Mwezi, Mizani na Mtaji: Somo la biashara sekondari na wajibu wetu Waislamu

Jioni moja baada ya Swala ya Isha, mama mmoja mjane alibisha hodi katika ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Usagara. Hakuja kuomba unga wala karo. Alikuja kutueleza kwamba siku ile asubuhi mkopeshaji alikuwa ameingia nyumbani kwake na kuchukua jiko la gesi, mtungi wake na godoro moja, kwa sababu kijana wake alikuwa ameshindwa kulipa mkopo wa aina ile ambayo watu wa mitaani wameipa jina linalostahili: kausha damu. Alipomaliza maelezo alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, “Masheikh zangu, mtoto huyu amesoma sekondari miaka minne, na madrasa kwenu ameanza tangu hajang’oa meno ya utoto. Naomba mniambie, hiyo miaka yote alifundishwa nini?”

Hakuna aliyemjibu usiku ule. Tulimwombea dua, tukampa nauli ya bodaboda, tukaahidi kumwita kijana. Lakini swali lake lilibaki nasi, na makala haya ni jitihada ya kulijibu. Tunaliandika kwa sababu tunaamini kwamba swali lile si la nyumba moja. Ni swali la kila mzazi wa Kiislamu ambaye mwanawe yupo sekondari hivi sasa, wakati serikali imeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima.

Njia panda ya Usagara

Wasiotufahamu wajue kwamba Usagara tunayoizungumzia ni ile ya Wilaya ya Misungwi, kusini mwa Jiji la Mwanza. Hapa ndipo barabara inapogawanyika: moja yaenda Shinyanga na bara, nyingine yaelekea Kigongo, Sengerema, Geita na hata Bukoba. Njia panda ni soko la asili. Basi likipunguza mwendo, vijana hulikimbilia na mahindi ya kuchoma, maji ya chupa, matunda na samaki wa kukaanga. Watoto wetu wengi wamesomeshwa kwa shilingi zilizopitishwa katika madirisha ya mabasi.

Kwa miaka mingi riziki nyingine ilikuwa kivukoni Kigongo. Magari yalipanga foleni, abiria wakasubiri, na anayesubiri hula. Tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3 lilizinduliwa, na safari iliyokuwa ikimtaka abiria asubiri pantoni sasa ni ya dakika chache. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Wagonjwa na wajawazito waliokuwa wakikwama ng’ambo ya Busisi wanajua thamani yake kuliko sisi. Lakini mama lishe aliyekuwa akiuza wali kwa wanaosubiri kivuko alijikuta hana wa kumsubirisha. Hapakuwa na dhuluma yoyote. Dunia ilibadilika, na aliyekuwa na ujuzi mmoja tu alibaki kando ya barabara akiyatazama magari yakipita.

Sasa inajengwa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, inayopita katika wilaya yetu hii hii. Itakapokamilika nayo itawainua baadhi na kuwahamisha wengine. Kwa hiyo tunapouliza watoto wafundishwe nini kuhusu biashara, tunauliza jambo la chakula cha kesho.

Hesabu ya kijana

Kijana alikuja siku ya tatu. Ni kijana mwenye adabu. Aliamkia wazee, akakaa chini ya ukuta. Tulimwomba alete daftari lake la biashara. Akasema hana. Tukamuuliza kama sekondari hakusoma biashara. Akajibu kwamba alisoma, tena kwa hiari yake, somo la biashara na utunzaji wa hesabu, chini ya mtaala wa zamani. Kesho yake alituletea madaftari ya shule. Yalikuwa masafi ajabu. Kurasa zimegawanywa pande mbili, kulia na kushoto, kwa wino wa rangi mbili, na alama za mwalimu ni nzuri. Hesabu zote zilikuwa za duka la mtu asiyekuwapo, kwa lugha ya Kiingereza, na bidhaa ambazo kijana hajapata kuzishika. Hesabu ya dagaa wake mwenyewe hakupata kuiandika hata mstari mmoja.

Basi tuliketi naye tukaiandika upya kwa kumbukumbu yake. Alikopa shilingi 300,000. Sharti lilikuwa kurejesha shilingi 13,000 kila siku kwa siku 30, yaani jumla shilingi 390,000. Alikwenda Mwaloni Kirumba, akanunua dagaa, akawa anawauza kwa sado na vikopo njia panda. Kwa siku tisa za kwanza biashara ilikwenda vizuri, naye akadhani amefanikiwa. Tulipotoa nauli, ushuru na hasara ya dagaa waliovunjika, tuliona faida yake halisi ilikuwa kiasi cha shilingi 9,000 kwa siku. Mkopeshaji anachukua 13,000. Nyumbani anaacha 3,000. Kwa maneno mengine, kila siku aliyodhani anapata, alikuwa akila mtaji wake kwa shilingi 7,000. Siku ya tisa zilikuwa zimebaki 237,000.

Kisha likaja jambo ambalo kila mtoto aliyekulia kando ya ziwa hili analijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowavuta. Mbalamwezi ikikolea, taa haina kazi, na wavuvi huvuta mitumbwi ufukweni kwa siku kadhaa. Kijana alianza biashara tarehe pili ya mwezi mwandamo. Kuanzia tarehe 11 dagaa wakaadimika, na waliopatikana walikuwa wa wenye mitaji mikubwa walioweka akiba, kwa bei isiyoacha faida. Akakaa siku kumi bila kuuza. Marejesho hayakukaa. Siku zile kumi zilimeza shilingi 130,000 za mkopeshaji na 30,000 za nyumbani. Giza liliporudi alikuwa na 77,000 tu, na mtaji wa 77,000 hauwezi kuzaa faida ya kulipa 13,000 kila jua linapozama. Siku ya 24 mkononi alibaki na shilingi zisizofika 5,000.

Tukajumlisha alichokwisha kurejesha: shilingi 312,000. Alikuwa amelipa zaidi ya alichokopa, na bado alidaiwa 78,000. Jiko la mama yake lilichukuliwa kwa ajili ya riba tupu.

Hapo mmoja wa wazee wetu alimuuliza kijana, “Mwanangu, madrasa ulifundishwa Ayyamul-Bidh ni siku zipi?” Kijana akajibu bila kusita: tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, siku nyeupe ambazo ni sunna kufunga, zinaitwa hivyo kwa sababu ya mbalamwezi. Mzee akanyamaza. Sote tukanyamaza. Madrasa tulimfundisha mwezi kwa ajili ya saumu. Shule ilimfundisha hesabu kwa ajili ya mtihani. Ziwa lilimfundisha kwamba mbalamwezi hufukuza dagaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwonyesha kwamba mambo haya matatu ni jambo moja, na kwamba mkopo wa marejesho ya kila siku hauwezi kuendesha biashara inayolala theluthi ya mwezi.

Hilo ndilo jibu la swali la mama yule. Alifundishwa mengi, lakini hakuna aliyemuunganishia.

Somo si geni nchini

Ni vyema tukumbuke kwamba nchi yetu imelijaribu jambo hili zaidi ya mara moja. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba au karakana, na mwanafunzi ashiriki kupanga na kuona matokeo ya kazi yake. Baadaye sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Hapa Kanda ya Ziwa, Bwiru Wavulana ilijulikana kwa ufundi. Lakini mahali pengi shamba la shule likageuka kuwa adhabu ya wachelewaji, na mazao yakawa siri ya ofisi. Mtoto alilima bila kujua gunia liliuzwa bei gani. Kujitegemea kukabaki jina.

Sasa tumepata fursa nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imekuja na mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza kwa awamu Januari 2024. Sekondari ya chini ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na somo la biashara limewekwa kuwa la lazima. Jirani zetu nao wamepita njia hiyo. Rwanda imelifanya somo la ujasiriamali kuwa la lazima sekondari, na Uganda imeliweka katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020. Huko huko Uganda, watafiti waliwafuatilia vijana wa sekondari waliopewa mafunzo ya wiki tatu wakati wa likizo, wakiwalinganisha na wenzao wasioyapata. Baada ya miaka mitatu na nusu, waliofunzwa walikuwa na kipato kikubwa zaidi kwa takriban asilimia 30. La kuzingatia ni kwamba waliofunzwa zaidi hesabu na mipango, na waliofunzwa zaidi kujiamini, kusikilizana na kushawishi, wote walifaidika kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo anayesema kwamba somo hili ni kupoteza muda, hoja yake ina upungufu.

Lakini na anayesema kwamba somo likiwapo tu mambo yamekwisha, kijana wetu mwenye madaftari masafi ni jibu lake.

Fiqhi ilitangulia

Wapo Waislamu wanaodhani ujasiriamali ni somo la kizungu lililoletwa na wafadhili. Tunawaomba warejee vitabu vyao. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa kusimamia mali, ndipo wawakabidhi mali zao. Jaribio linatangulia makabidhiano. Tena wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na bara yetu, waliliingia suala hili kwa undani. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa kuzuiliwa mali, anaeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kununua, kuuza na kupatana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo na kusimamia matumizi ya wafanyakazi wake. Mwenye ufundi kwa ufundi wake. Na msichana naye ana majaribio yake. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba jaribio hilo lifanyike kabla ya balehe.

Zingatieni mambo mawili hapa. Kwanza, mtoto anajaribiwa kwa jambo halisi, sokoni na shambani, wala si kwa karatasi peke yake. Pili, kila mtoto anajaribiwa kwa shughuli ya mazingira yake. Imam Nawawi aliishi karne ya 13, lakini lau angeletewa mtaala wa leo, swali lake la kwanza huenda lingekuwa: mtoto wa mvuvi wa Misungwi anajaribiwa kwa nini?

Tunaye pia Abdurrahman bin Awf (r.a.), aliyehajiri kwenda Madina akiwa hana kitu. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (r.a.), alimtaka agawane naye mali nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza na samli na jibini. Na Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara aliyewapa watu mali yake wakamfanyie biashara, naye akamchagua Muhammad (s.a.w.), kabla ya utume, kwa sababu ya uaminifu wake. Mtaji ulimfuata mwaminifu. Hilo ni somo ambalo mwalimu wa biashara angeweza kulifundisha kipindi kizima.

Na kuna kisa mashuhuri, kilichopokelewa na Abu Dawud, ingawa wapo wanazuoni waliozungumzia udhaifu wa sanadi yake, cha Muansari aliyekwenda kuomba msaada kwa Mtume (s.a.w.). Akaulizwa nyumbani ana nini. Alikuwa na nguo nzito na bakuli. Mtume akavinadi, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili: moja ikanunua chakula cha nyumba yake, ya pili shoka. Akatumwa akakate kuni na kuuza, na asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Tazameni mpango ulivyo: mali iliyopo ikahesabiwa, chakula kikatengwa na mtaji, chombo cha kazi kikapatikana bila deni, na ikawekwa siku ya kuja kutoa hesabu. Kijana wetu alikosa yote manne.

Mizani

Neno lenyewe ujasiriamali limeundwa kwa ujasiri na mali. Ni neno zuri. Lakini ujasiri peke yake si sifa. Hata mwizi ni jasiri. Kinachoutofautisha ujasiri wa Muislamu sokoni ni mizani. Qur’ani ina sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja, ambao wakijipimia hutaka kutimiziwa na wakiwapimia wenzao hupunguza.

Wenyeji wa Usukuma wanalijua jambo hili kwa historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walichoshwa na mizani ya wanunuzi iliyowaibia. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe ili pamba ipimwe kwa haki. Kutokana na harakati hizo, Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya wakulima vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, mojawapo ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika kwa wakati wake. Yaani utajiri wa kanda hii ulizaliwa siku mkulima alipodai mizani ya kweli. Ajabu ni kwamba leo wajukuu wa wakulima wale wapo wanaobonyeza kitako cha sado ili ipokee dagaa wachache, na wapo wanaomfungia mkulima gunia la lumbesa. Somo la biashara lisilofundisha mizani litazalisha wapunjaji wenye vyeti.

Na jambo la pili ni riba. Mtoto wa Kiislamu akifundishwa darasani kwamba chanzo cha mtaji ni mkopo wa riba tu, atatoka akiamini kwamba dini yake haina njia, au kwamba njia ya dini yake ni ufukara. Si kweli. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Boti na vizimba vya kufugia samaki vilivyokabidhiwa kwa wavuvi hapa Mwanza mwanzoni mwa mwaka 2024 vilitolewa kwa utaratibu wa mikopo isiyo na riba. Benki ya Kiislamu ipo nchini tangu mwaka 2011. Na ushirika wa mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwingine kazi, wakagawana faida kwa makubaliano, ni ule ule alioutumia Bibi Khadija. Hayo yote yafaa kutajwa darasani, kwa faida ya wanafunzi wa dini zote.

Hoja za wenzetu

Tulipolijadili jambo hili baada ya Ijumaa, wapo waliotupinga, na haki inatutaka tuzitaje hoja zao. Mwalimu mmoja wa sekondari, muumini wa msikiti wetu, alisema: “Mnatuongezea mzigo. Darasa lina wanafunzi wengi, mwalimu wa biashara ni mmoja, na mtihani wa taifa hauulizi habari za dagaa.” Ni kweli. Mzee mwingine alihofia kwamba watoto wakionja shilingi wataacha shule. Hofu hiyo nayo ina msingi. Tumewaona waliokwenda visiwani wakati wa likizo wasirudi darasani. Na dada mmoja alisema maneno mazito zaidi: kwamba wimbo wa ujasiriamali usije ukawa kisingizio cha kumwambia kila aliyekosa ajira kuwa kosa ni lake.

Tunakubaliana naye. Serikali haiondokewi na wajibu wa kuandaa kazi, bei za haki na masoko. Wala si kila mtoto atakuwa mchuuzi. Tunahitaji madaktari, mafundi na walimu. Lakini hata daktari atapokea mshahara, na hata fundi atakadiria kazi. Kujua kutenganisha mtaji na faida, kuandika deni kama inavyoamrishwa katika aya ndefu kuliko zote za Qur’ani, al-Baqara 282, na kuusoma mkataba kabla ya kuutia saini ni kinga ya kila mtu.

Tulilolifanya, na tulipokwama

Kwanza tulilishughulikia jiko. Tulikwenda na mama yule katika ofisi ya kata. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Alipoitwa na kutakiwa aionyeshe, hakuwa nayo. Jiko, mtungi na godoro vilirudi jioni ile ile, na madai ya 78,000 yakafutwa. Mama alitabasamu. Mtaji wa kijana haukurudi.

Kisha ikaja kamati. Baadhi yetu tulitaka fedha za kuwasaidia vijana zitolewe katika mchango wa paa la msikiti, ambao ulikuwa umelala tu. Imamu alikataa: mtu aliyetoa kwa ajili ya paa ametoa kwa ajili ya paa, na sisi ni wadhamini, hatuna ruhusa ya kuhamisha. Mjadala ulikuwa mkali, lakini alikuwa na haki. Tukafungua kisanduku kingine, cha qardhu hasana, mkopo mwema usio na ziada. Wakati wa likizo tukachukua wanafunzi watano wa sekondari, wavulana watatu na wasichana wawili, kila mmoja akakopeshwa shilingi 20,000 mbele ya mzazi wake, pamoja na daftari. Masharti yalikuwa machache: biashara aichague mwenyewe kwa kutazama mahali alipo, aandike kila jioni kwa Kiswahili, asikose swala wala masomo ya ziada, na kila Jumamosi baada ya Adhuhuri alete daftari lisomwe mbele ya wenzake.

Wanne walirejesha. Mmoja, aliyeuza nyanya, mvua ilimshinda, akarudi na shilingi 11,000 na machozi. Tukalisoma daftari lake kwa sauti. Lilikuwa ndilo lililoandikwa vizuri kuliko yote, na kila mtu aliweza kuona ni siku gani hasara ilianza na kwa nini. Tukamwongezea muda, kama Qur’ani inavyoelekeza kwa mdaiwa mwenye dhiki. Msichana mmoja aliyeuza karanga aligundua kwamba abiria wa mabasi ya alfajiri hununua zaidi kuliko wa mchana, akabadilisha saa zake. Hakuna aliyemfundisha hilo. Na kijana wa dagaa ndiye aliyekuwa akiwakagulia madaftari. Alibandika ukutani kalenda ya mwezi mwandamo, akazipigia mstari tarehe 11 hadi 20, akaandika pembeni: siku za kuuza kitu kingine.

Hatudai kwamba tumepata dawa. Watano ni wachache mno, na kisanduku chetu ni kidogo. Lakini tunawaomba walimu wa biashara waruhusu walau zoezi moja kwa muhula litokane na soko la jirani. Wakuu wa shule waweke wazi hesabu za mradi wa shule ubaoni ili wanafunzi wazione. Wazazi wawape watoto jambo dogo la kusimamia na kulitolea hesabu. Na kamati za misikiti zisisubiri mpaka majiko yabebwe. Waislamu wa Misungwi, Ilemela, Nyamagana na ng’ambo ya Sengerema, mwezi huu mnaouangalia kwa ajili ya saumu waonyesheni watoto wenu unavyoitawala pia riziki ya ziwa.

Kijana bado hajarudi kuuza dagaa. Anabeba mizigo njia panda, na kila wiki anaweka akiba. Ametuambia kwamba safari hii hatakopa, ataanza na kidogo alicho nacho, mara giza litakapoingia.

Tunamwomba Allah (s.w.) aibariki riziki ya vijana wetu, aifanye ya halali na yenye kutosheleza, na awajaalie wenye mizani ya haki. Amin. Wabillahi tawfiq.